Kona ya Mafundi: Seva ya domeni imezeeka, makabidhiano yafanyweje?

Toleo hili tumeweka pamoja barua za wasomaji wa nyanda za juu kusini zinazogusa jambo moja: ofisi ina seva ya domeni ya miaka mingi, mpya imeshanunuliwa, na aliyekabidhiwa kazi anaogopa kesho yake asubuhi. Kwa msomaji asiye fundi, seva ya domeni ndiyo inayotunza majina ya watumiaji wote pamoja na nywila zao. Kila anayewasha kompyuta ya ofisi na kuandika jina lake, seva hiyo ndiyo inayoulizwa kama anaruhusiwa kuingia.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nasimamia TEHAMA kwenye shule ya bweni wilayani Mufindi. Tuna seva moja tu ya domeni, Windows Server 2008 R2, kompyuta 46 na printa 5. Bodi imenunua seva mpya yenye Windows Server 2022, na mkuu wa shule anataka ianze kazi likizo ya Juni. Mpango wangu ni kuwasha mpya, kuhamishia watumiaji, kisha kuzima ya zamani. Niko sawa? — Msimamizi wa TEHAMA, Mafinga

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Hapo katikati rekebisha: watumiaji hawahamishwi. Seva mpya inaingia kwenye domeni ileile na kukaa pamoja na ya zamani kwa siku kadhaa zikinakiliana. Ya zamani inakabidhi majukumu yake, ndipo inavuliwa cheo, yaani inaacha kuwa seva ya domeni. Ukienda hivyo hutagusa kompyuta hata moja kati ya hizo 46, wala hakuna atakayebadili nywila. Ukijenga domeni mpya na kuipa jina lilelile, kompyuta zote zitaikataa, kwa sababu zinaitambua domeni kwa namba yake ya utambulisho, SID, na namba hiyo haifanani kamwe kati ya domeni mbili.

Anza na afya ya ya zamani, maana ugonjwa wake utahamia kwa mpya. Fungua dirisha la amri na uendeshe hizi:

dcdiag /v
netdom query fsmo
dfsrmig /getglobalstate

Ya kwanza inapima seva nzima. Soma kila mstari ulioandikwa failed na usiendelee mpaka ujue sababu yake. Ya pili inataja nani anashika yale majukumu matano ya domeni (FSMO), kazi maalumu ambazo kila moja hushikwa na seva moja tu. Ya tatu wengi huiruka, na ndiyo inayokwamisha kazi siku ya tukio. Kama domeni yenu ilianzishwa enzi za Windows Server 2003, folda ya SYSVOL, yenye sera na skripti za kuingilia, huenda bado inanakiliwa kwa mfumo wa kale wa FRS. Windows Server 2019 na 2022 zinakataa kabisa kupewa cheo kwenye domeni ya namna hiyo. Jibu likiwa Eliminated, uko salama. Likisema uhamisho (kutoka FRS kwenda mfumo mpya wa kunakili, DFSR) haujaanzishwa, hakikisha kiwango cha domeni ni 2008 au zaidi, kisha endesha dfsrmig /setglobalstate 1, halafu 2, halafu 3. Baada ya kila hatua subiri mpaka dfsrmig /getmigrationstate iseme seva zote zimefika. Hatua ya 1 na ya 2 unaweza kuzirudisha nyuma. Ya 3 hairudishwi.

Kisha chukua nakala rudufu ya hali ya mfumo kwenye diski ya nje:

wbadmin start systemstatebackup -backupTarget:E:

Nakala hiyo haina faida kama hujui nywila ya DSRM (hali maalumu ya kuwashia seva ili kuirejesha), ile iliyowekwa siku seva ilipopewa cheo. Aliyeiweka pengine alishahama. Iweke upya sasa kwa ntdsutil, kwa amri yake ya set dsrm password, uiandike na kuifungia ofisini kwa mkuu wa shule.

Sasa seva mpya. Mpe jina lake la kudumu mapema, tuseme DC02 (ya zamani tunaiita DC01), na anwani isiyobadilika. Kama ya zamani ni 192.168.1.10, mpya iwe 192.168.1.11. Kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, DNS (huduma inayotafsiri majina kuwa anwani) ya seva mpya iwe 192.168.1.10, yaani ya zamani, wala usiandike ya mtoa huduma wa intaneti. Weka saa za eneo kwa tzutil /s "E. Africa Standard Time" na uhakikishe saa za seva zote mbili zinalingana. Zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji, hukataa kila kitu, na ujumbe utakaouona hautataja saa hata kidogo. Sakinisha masasisho yote, iunge kwenye domeni kama kompyuta ya kawaida, kisha ingia kwa akaunti iliyomo kwenye makundi ya Enterprise Admins na Schema Admins. Kwenye PowerShell:

Install-WindowsFeature AD-Domain-Services -IncludeManagementTools
Install-ADDSDomainController -DomainName "shule.local" -InstallDns

Itakuuliza nywila mpya ya DSRM, itatayarisha skima (muundo wa hifadhidata ya domeni) yenyewe, kisha itajizima na kuwaka. Usishangilie bado. Andika net share. Lazima uone SYSVOL na NETLOGON. Kama hazipo baada ya nusu saa, seva mpya ina cheo bila kazi: haitajibu kompyuta yeyote, na ukizima ya zamani shule nzima itafungiwa nje.

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa tatizo hili linawahusu sana watu wa maeneo ambako umeme hukatika ghafla. Kwenye seva ya zamani fungua kumbukumbu za matukio, sehemu ya DFS Replication, utafute tukio namba 2213. Linasema kwamba seva ilizimika vibaya, na huduma ya DFSR imesimamisha kunakili ikisubiri binadamu aiambie iendelee. Kwa kuwa mlikuwa na seva moja, haikuwa na wa kunakiliana naye, hivyo inaweza kukaa hivyo miaka bila yeyote kugundua. Ujumbe wa tukio hilo umebeba ndani yake amri ya wmic inayoishia na ResumeReplication, ikiwa na namba ya diski yako tayari. Ichukue kama ilivyo na uiendeshe.

Kama imekaa zaidi ya siku 60, itakujibu kwa tukio 4012, kwamba imekaa nje muda mrefu kupita kiasi na haiaminiki. Hapo ni wewe unayeamua kwamba nakala ya seva ya zamani ndiyo sahihi. Nakili kwanza folda nzima ya SYSVOL pembeni. Fungua ADSI Edit, nenda kwenye OU ya Domain Controllers, kisha seva ya zamani, DFSR-LocalSettings, Domain System Volume, hadi SYSVOL Subscription. Weka msDFSR-Enabled kuwa FALSE na msDFSR-options kuwa 1. Kwa seva mpya weka FALSE tu, hiyo options usiiguse. Subiri mabadiliko yafike kote, endesha dfsrdiag pollad kwenye seva zote mbili, na utaona tukio 4114. Rudisha TRUE kwa ya zamani, pollad tena, na usubiri 4602. Likishatokea, rudisha TRUE kwa mpya. Ikimaliza kuvuta faili itaandika 4604, na net share itakuonyesha kile ulichokuwa unakitafuta. Kama dfsrdiag haipo, sakinisha zana za DFS.

Likizo ya Juni inakupa muda wa kutosha, kwa hiyo ziache zikae pamoja angalau siku tatu. Kila asubuhi endesha repadmin /replsummary. Safu ya makosa iwe sifuri pande zote. Jaribu kwa mkono pia: tengeneza mtumiaji wa majaribio kwenye seva moja, umtafute kwenye nyingine.

DHCP, huduma inayogawa anwani kwa kompyuta, inakuja sasa. Siku chache kabla, punguza muda wa kukodisha anwani kutoka siku 8 za kawaida hadi saa 1, ili mabadiliko yafike haraka kwenye kompyuta. Kwenye seva mpya:

Install-WindowsFeature DHCP -IncludeManagementTools
Export-DhcpServer -ComputerName DC01 -File C:\dhcp.xml -Leases
Import-DhcpServer -ComputerName DC02 -File C:\dhcp.xml -BackupPath C:\dhcpbak -Leases
Add-DhcpServerInDC -DnsName DC02.shule.local

Kabla ya amri ya mwisho, simamisha huduma ya DHCP kwenye seva ya zamani na uizuie isijiwashe. Zikigawa anwani zote mbili kutoka fungu moja, utapata kompyuta mbili zenye anwani moja na maabara nzima italalamika. Badilisha chaguo namba 006 ili DNS ya kwanza iwe 192.168.1.11.

Makabidhiano yenyewe ni mstari mmoja:

Move-ADDirectoryServerOperationMasterRole -Identity DC02 -OperationMasterRole 0,1,2,3,4

Thibitisha kwa netdom query fsmo. Aliyeshika jukumu la PDC ndiye mama wa saa kwa domeni nzima, kwa hiyo DC02 sasa ndiyo ielekezwe kwenye chanzo cha nje:

w32tm /config /manualpeerlist:"0.pool.ntp.org,0x8 1.pool.ntp.org,0x8" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update

Na ya zamani iambiwe ifuate domeni: w32tm /config /syncfromflags:domhier /update. Ukuta wa moto wa ruta yenu uruhusu DC02 kutuma UDP 123 kwenda nje.

Kabla ya kuivua cheo ya zamani, izime tu kwa wiki moja ya kazi. Kila kitu kilichokuwa kinaitegemea kimyakimya kitajitokeza: printa ya maktaba, programu ya ada, kamera. Wiki moja haina madhara, kwa kuwa kikomo ni siku 180, na kwa domeni za kale sana 60. Ukishatatua malalamiko, iwashe, iache inakiliane kwa saa kadhaa, hamishia DNS ya kadi ya DC02 kwenye anwani yake yenyewe, ndipo uendeshe dcpromo kwenye ya zamani.

Skrini moja ya dcpromo inahitaji macho yako yote. Inakuuliza kama seva hii ndiyo ya mwisho kwenye domeni na kama domeni ifutwe, ikiwa na kisanduku kimoja cha kuweka tiki. Kiache kitupu. Kama dcpromo inakataa kuendelea bila tiki hiyo, maana yake haioni seva mpya, na hapo unafunga dirisha na kurudi kwenye repadmin.

Baada ya hapo itoe kwenye domeni, futa jina lake kwenye Active Directory Sites and Services, na upekue kanda za DNS kuondoa rekodi zake za NS. Kiwango cha domeni sasa unaweza kukipandisha hadi 2016, ambacho ndicho cha juu kabisa kwa Windows Server 2022.

SWALI: Seva yetu ni Windows Server 2003, na bado inafanya kazi vizuri. Tunaweza kuruka moja kwa moja hadi 2022? — Fundi, Makambako

JIBU: Hapana. Seva ya 2022 inadai kiwango cha domeni cha 2008, na kiwango hicho hakiwekwi wakati seva ya 2003 bado ina cheo. Unahitaji daraja. Funga Windows Server 2016 kama seva ya muda, hata kwenye kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8. Toleo hilo bado linakubali domeni ya kiwango cha 2003 na bado linaelewa FRS. Ipe cheo, hamishia majukumu yote matano, vua cheo ile ya 2003. Pandisha kiwango, fanya uhamisho wa dfsrmig kwa hatua zake tatu, ndipo uingize 2022 na kuivua ya daraja. Kwa kazi ya daraja toleo la majaribio la siku 180 linatosha.

Hilo la kufanya kazi vizuri hatukubaliani nalo. Microsoft iliacha kuitengenezea 2003 viraka vya usalama tarehe 14 Julai 2015, na seva hii ndiyo yenye funguo za ofisi nzima. Msichelewe.

SWALI: Tangu tufungiwe seva mpya, kompyuta ikiwashwa asubuhi hukaa dakika tano na zaidi kabla ya kuniingiza. Na mashine ya fotokopi haipeleki tena karatasi nilizoskani kwenye folda. Fundi anasema seva ni nzima. — Mhasibu, Gangilonga, Iringa

JIBU: Pole sana, dada. Seva inaweza kuwa nzima kweli, na kompyuta yako ikawa inauliza njia kwa mtu asiyeijua. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, utafute mstari wa DNS Servers. Hapo panatakiwa pawe na anwani ya seva ya ofisi peke yake. Ukiona anwani ya seva ya zamani, kompyuta inasubiri jibu la aliyeondoka. Ukiona 8.8.8.8 (DNS ya Google) au ya ruta ikiwa ya pili kwenye orodha, kosa ni lilelile kwa sura nyingine. Kompyuta inapotaka kukuingiza, huiuliza DNS: seva ya domeni ya ofisi hii iko wapi? Google haijui domeni yenu ya ndani, kwa hiyo hujibu kwamba haipo, na kompyuta hulichukua jibu hilo kuwa la kweli. Wanaoweka 8.8.8.8 huwa wanataka intaneti isikatike seva ikizimwa. Mahali pake ni ndani ya seva ya DNS yenyewe, kwenye kichupo cha Forwarders, ili seva ndiyo iulize nje kwa niaba ya wote.

Mwambie fundi ajaribu hili kwenye kompyuta yako, akiweka jina la domeni yenu:

nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.local

Jibu litaje seva mpya pekee. Likiitaja na ya zamani pia, rekodi zake hazikufutwa. Kama kompyuta yako iliwekewa DNS kwa mkono miaka ile, DHCP haiwezi kuibadilisha. Airudishe kupata anwani yenyewe. Na zile folda zinazofunguka kama herufi ya diski azikague pia, maana ikiwa sera bado inataja jina la seva ya zamani, kila asubuhi Windows itaitafuta mpaka ichoke.

Fotokopi ni suala jingine. Nyingi za umri huo zinajua SMB, lugha ya kupeana faili mtandaoni, toleo la 1 tu, na Windows Server mpya hufungwa bila toleo hilo. Fundi anaweza kuliwasha kwa dakika moja, lakini tunamsihi asifanye hivyo kwenye seva ya domeni: ndio mlango ambao virusi vya WannaCry vilipitia Mei 2017. Kwanza atafute programu mpya ya ndani ya mashine kwa mtengenezaji, kwani baadhi ya modeli hupata SMB 2 kwa njia hiyo. Ikikosekana, mashine ielekezwe kutuma kwa barua pepe, au kwa FTP kwenye kompyuta ndogo isiyo na cheo chochote.

SWALI: Radi imeunguza seva yetu kuu ya domeni. Ya pili ipo na watu wanaingia, ila fundi anasema majukumu yote yalikuwa kwenye ile iliyoungua. Tufanye nini? — Msimamizi wa ofisi, Tukuyu

JIBU: Poleni. Kuwa na ya pili kumewaokoa. Kama kipuri kinafika ndani ya wiki na diski ni nzima, mnaweza kusubiri: jukumu la skima na la majina ya domeni hayakosekani kwa siku chache. La PDC ndilo mtakaloanza kulihisi, kwa saa kupotea na nywila mpya kuchelewa kutambulika. Kama haitengenezeki, fundi anyang'anye majukumu kwa amri ileile ya Move-ADDirectoryServerOperationMasterRole, akiongeza -Force mwishoni. Itajaribu kwanza kuomba kwa ustaarabu, kwa hiyo itachukua dakika kadhaa. Asiikatishe.

Baada ya hapo ile iliyoungua isirudi kwenye mtandao huo ikiwa na mfumo wake wa zamani, hata ikipona. Sababu ni jukumu la RID. Aliyelishika hugawa namba za utambulisho kwa mafungu ya 500 kwa kila seva. Wakiwepo wawili wanaojiona ndio wagawaji, watumiaji wawili watapata namba moja, na mtu atafungua faili za mwenzake. Futeni diski na kufunga mfumo upya.

Jina lake lifutwe kwenye Active Directory Users and Computers, ndani ya Domain Controllers, mkithibitisha kwamba haitarudi kabisa. Kisha Sites and Services, kisha rekodi za DNS. Seva iliyobaki ielekezwe kwenye chanzo cha saa cha nje kama tulivyomwonyesha ndugu wa Mafinga. Na ya pili nyingine itafutwe mapema, kwa sababu sasa hivi mmebaki na jicho moja.

Rungwe mvua na radi mnazijua kuliko sisi. Angalieni kebo ya mtandao inayotoka jengo moja kwenda jingine. Kama ni ya shaba, ndiyo inayoleta radi hadi kwenye swichi na seva hata kama umeme mmeulinda vizuri. Kati ya majengo pitisheni faiba.

SWALI: Tunaandaa bajeti ya seva mpya kwa watumiaji 30. Muuzaji ametupa bei ya mashine na Windows Server tu. Kuna kilichosahaulika? — Katibu wa ushirika, Njombe

JIBU: Ndiyo, na kwa kawaida ni leseni za watumiaji, zinazoitwa CAL. Kila mtu au kila kifaa kinachotumia seva kinahitaji moja, na za toleo la zamani hazifai kwa toleo jipya. Mliokuwa nazo za 2012 hazihesabiki mkinunua 2022. Watumiaji 30 ni leseni 30, na gharama yake si ya kupuuza. Leseni ya seva yenyewe huhesabiwa kwa viini vya prosesa, angalau 16 kwa mashine hata kama ina 8.

Leseni hiyo ya Standard inaruhusu seva pepe mbili ndani ya mashine moja. Itumieni hivyo: moja iwe ya domeni, nyingine ya faili na programu ya hesabu. Msiziweke pamoja. Seva ya domeni huzima kache ya kuandikia kwenye diski yenye hifadhidata yake, ili umeme ukikatika nywila zisiharibike, na programu ya hesabu iliyo kwenye diski hiyo itakuwa nzito bila sababu inayoonekana. Kwa mpango huo RAM GB 32 na diski mbili za SSD katika RAID 1 (kila moja nakala ya mwenzake) zinatosha watu 30. Kwenye seva pepe ya domeni, zima upataji wa saa kutoka kwa mashine mama, la sivyo mamlaka mawili ya saa yatagombana. Na kama mnaweza, kompyuta ya pili ya kawaida iwe seva ya domeni ya akiba, maana mashine moja ikiungua zote mbili zinaondoka nayo.

UPS yenye kebo ya USB ya kuiambia seva izime vizuri betri inapoisha ina maana zaidi kuliko UPS kubwa isiyo na kebo hiyo. Chumba kiwe na njia ya hewa hata kama Njombe ni baridi. Hewa ya mwinuko wa juu ni nyepesi na hubeba joto kidogo, ndiyo maana watengenezaji wengi hushusha kiwango cha joto kinachoruhusiwa kadiri mnavyopanda, na stoo iliyofungwa hupata joto bila kujali baridi ya nje.

SWALI: Makao makuu yako Mbeya, seva mpya ya 2022 imeshaanza kazi. Tunataka nyingine tawini Tunduma, lakini intaneti ya huko ni ya kusuasua. Kunakili kwa mara ya kwanza kutachukua siku? — Fundi, Mbeya

JIBU: Si lazima kupite kwenye intaneti. Kwenye seva ya Mbeya fungua ntdsutil, kisha activate instance ntds, kisha ifm, kisha create sysvol full C:\IFM. Folda hiyo ichukue kwenye diski ya nje, uende nayo Tunduma, na unapoipa cheo seva ya huko ongeza -InstallationMediaPath ikielekea kwenye folda. Itachukua kwenye diski karibu kila kitu na kuvuta tofauti ndogo tu kwa mtandao. Seva zote mbili ziwe toleo moja la Windows.

Kabla ya safari tengeneza saiti ya Tunduma kwenye Sites and Services na uiunganishe na mtandao wake mdogo wa anwani, vinginevyo kompyuta za huko zitaendelea kuuliza Mbeya wakati seva iko chumba cha jirani. Kunakiliana kati ya saiti huwekwa dakika 180. Shusha hadi 15 kama kiungo kinahimili. Chumba cha huko kama hakifungwi vizuri, ifanye iwe ya kusoma tu kwa -ReadOnlyReplica. Katika hali hiyo neno la ntdsutil ni create sysvol rodc, ambalo huacha siri za nywila Mbeya.

Diski hiyo ibebwe mkononi, usiitume kama kifurushi cha basi. Ile ya full ina nywila za wafanyakazi wote kwa sura iliyofichwa, na mwenye muda anaweza kuzivunja. Isimbwe kwa BitLocker kabla ya kuondoka, na ukishamaliza uisafishe kwa diskpart: select disk, hakikisha namba ni ya diski sahihi, kisha clean all. Kwa diski ya TB 1 tenga saa kadhaa. Diski za seva ya zamani zisafishwe vivyo hivyo kabla mashine haijauzwa Mwanjelwa.